Bwana asiye na kaburi

 

Juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo tumelizunguka muda mrefu bila kuligusa. Kati yetu kuna mama ambao wakiulizwa, "Wewe ni mke wa mtu au mjane?" wanainama chini, kwa sababu jibu hawana. Bwana aliondoka, hakurudi. Maiti haikuonekana, barua haikuja. Hakuna kilio kilichofanyika, wala hakuna aliyekuja kusema, "Nimemwona kwa macho yangu." Mjane ana kaburi la kupalilia. Huyu hana kitu, ana simu tu mkononi, na kila ikilia moyo unaruka.

Mmoja wetu ametupa ruhusa tuandike yaliyompata, ila jina lake tusilitaje. Tumeona tuyaandike kwa sababu sisi wenyewe, wanakikundi wenzake, tulikosea katika habari hii. Kosa letu linaweza kuwasaidia wengine.

Mabwana wawili

Februari 2025, risasi zilipokaribia, watu wengi wa bonde letu walishuka kuelekea mto Ruzizi ili wavuke Burundi. Mnakumbuka wenyewe. Mama huyu alikuwa na watoto watatu na godoro moja. Walipofika karibu na maji, bwana wake akasimama. Mama yake mzazi alikuwa amebaki nyumbani, na miguu yake haikuwa na nguvu. Akasema, "Tangulieni. Ninamrudia mama. Nitawakuta ng'ambo."

Mama akavuka na watoto. Akakaa upande wa pili akitazama kila kichwa kilichotokea majini mpaka giza likaingia. Kesho yake walifika Rugombo, kwenye uwanja wa mpira uliojaa watu wa kwetu. Kila jioni alizunguka uwanja mzima akiuliza.

Siku ya sita akapata habari mbili. Mtu wa kwanza alimwambia, "Nilimwona bwana wako Bwegera, anasukuma baiskeli, amembeba mama yake nyuma." Mtu wa pili alimwambia, "Pole sana, mama. Niliona mtu amelala kwenye matete karibu na mto. Shati lake lilikuwa lile la buluu." Wote wawili waliapa, na wote walikuwa watu wazima wenye heshima.

Tangu siku ile, mama huyu alikuwa na mabwana wawili kichwani. Mmoja anasukuma baiskeli, mwingine amelala katika matete. Asubuhi akiamka yuko na yule wa kwanza, na usiku anamkuta yule wa pili. Aliishi nao Rugombo, akaenda nao mpaka kambi ya Musenyi, akarudi nao Luberizi.

Aliporudi alikuta nyumba haina mlango. Mama mkwe yuko hai: jirani walimpandisha Lemera kwa jamaa kabla mtoto wake hajafika. Kwa hiyo yule wa baiskeli hakuwa bwana wake. Habari ya kwanza ikaanguka. Na lile shati la buluu lilikuwa shati la kampeni, nusu ya wanaume wa hapa wanalo. Habari ya pili nayo haikusimama. Akabaki na njia moja tu, kutoka mtoni mpaka nyumbani, na katika njia ile mtu mzima alikuwa ametoweka.

Simu ya usiku

Miezi ikapita. Usiku mmoja simu ikalia, namba hajaijua.

"Mama, bwana yako iko muzima."

Alituambia baadaye kwamba alikaa chini pale pale, mlangoni, na chungu kikaungua motoni bila yeye kusikia harufu.

"Baba wa nani?" akauliza, na hapo hapo akataja jina la mtoto wake wa kwanza.

"Huyo huyo, mama. Kila siku anamtaja mtoto."

"Bado anakohoa?"

"Anakohoa sana. Iko kwenye gereza, mbali. Mimi ni mlinzi tu, nimemhurumia. Ukituma dola 60 atatoka."

Aliuza mbuzi wawili, akakopa zilizopungua, akatuma. Hakumwambia mtu, kwa sababu yule mtu wa simu alimkataza: "Ukisema kwa watu, watamuhamisha." Juma lililofuata simu ikalia tena. Sasa ni dola 100, bwana amepigwa, anahitaji dawa. Ndipo mama alipokuja kwetu, kwenye sanduku la kikundi, kuomba mkopo wa shamba. Tulipomwuliza shamba gani, wakati wa kupanda umeshapita, akalia.

Tulifunga mlango. Tukamwomba atueleze ile simu ya kwanza, neno kwa neno, yeye alisema nini na yule alisema nini. Alipokuwa akieleza, tukasikia sisi sote, naye akasikia. Yule mtu hakutoa kitu hata kimoja. Jina la mtoto lilitoka kwa mama. Kikohozi kilitoka kwa mama. Mwongo alikuja na mkoba mtupu, na mwenye hamu akamjazia. Wazee walisema mfa maji hushika maji, na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Simu ilipolia mara ya tatu tulikuwa tumeketi naye, sauti imefunguliwa tusikie wote. Tulikuwa tumempa swali moja: "Mwulize siku ile pale mtoni alirudia nini nyumbani." Kukawa kimya kidogo. Kisha yule mtu akasema, "Alirudia pesa, mama." Tukamfanyia ishara akate. Akakata.

Sisi tulifurahi. Tuliona tumemwokoa ndugu yetu na dola 100. Mmoja wetu hata alipiga makofi. Mama akatutazama akasema, "Mmeniulia bwana mara ya pili."

Akatoka. Hakuja kwenye mkutano kwa majuma matatu.

Kosa letu

Mama wapenzi, tulikaa na neno lile. Mwanzo tulikasirika, tukasema hana shukrani. Baadaye tukaelewa. Kwa majuma mawili bwana wake alikuwa mahali. Gerezani, mgonjwa, mwenye kupigwa, lakini mahali. Sisi tukamnyang'anya mahali pale tusimpe kingine, tena kwa makofi.

Tulifikiri shida yake ni uongo wa simu. Uongo ulikuwa mwizi aliyeingia kwa mlango uliokuwa wazi. Shida yenyewe ni kutojua, na katika kutojua kule tulikuwa tumemwacha peke yake. Wengine tulimwambia, "Vaa nyeusi, ulie, uendelee na maisha." Wengine tulimwambia, "Amini tu, atarudi." Kila mmoja alikuwa anamsukuma achague bwana mmoja kati ya wale wawili, na yeye hakuwa na haki ya kumchagua hata mmoja, kwa sababu hajui.

Kuna mwalimu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, ambaye tangu miaka ya 1970 amefuatilia jamaa za watu waliopotea. Alianza na wake wa askari waliopotea katika vita vya Vietnamu, na mwaka 1999 akaandika kitabu juu ya msiba wa namna hii, msiba usio na hakika. Anafundisha kwamba mtu aliye katika hali hii si mgonjwa wa akili, wala si mwenye imani ndogo. Hali yenyewe ndiyo iliyopinda. Mwili haupo, lakini mtu bado anakaa nyumbani, katika sahani, katika ndoto, katika mgongo wa mwanamume anayepita sokoni. Anasema kumlazimisha afunge jambo ambalo halijafungwa ni kumwumiza. Kinachomsaidia ni kuweza kubeba mawili pamoja: huenda amekufa, huenda yu hai, na huku ninalima, ninapika, ninasomesha.

Neno hili lilitutuliza. Maana mama wengi wa bonde hili wanafikiri wanapata wazimu. Unamwona mtu kwa nyuma njiani, mwendo ni wake, kichwa ni chake. Unamfuata mpaka Bwegera, anageuka, ni mgeni. Unarudi na aibu. Si wazimu, mama. Macho yanatafuta kile moyo unachotafuta.

Sisi si wa kwanza

Katika bonde letu jambo hili ni la zamani. Vita vya Oktoba 1996 vilitawanya jamaa kwa usiku mmoja, wengine wakapanda milima, wengine wakavuka ziwa mpaka Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, na kuna watu waliohesabiwa wafu huku kwetu kumbe wako kule, wanalima bustani nyuma ya hema. Kuna pia waliosubiriwa kule, kumbe walilala barabarani siku ya kwanza.

Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilianguka Sange. Mnakumbuka jioni ile: Ghana ilikuwa inacheza na Uruguay katika Kombe la Dunia, na vijana walikuwa wamejaa kwenye nyumba za sinema. Moto ulipowaka ulichukua watu zaidi ya 230. Wengi waliungua hata mama hakumtambua mtoto wake, wakazikwa pamoja katika makaburi ya wengi. Jamaa wanajua mtu wao alikuwa Sange jioni ile, wanajua hakurudi, lakini hawana mahali pa kuweka mkono na kusema, "Yuko hapa." Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira usiku, maji nayo yalichukua watu ambao jamaa zao hawakupata cha kuzika. Na Desemba 2025 vita vikafika mpaka Uvira, watu wakatawanyika tena.

Tukiongeza wake wa askari waliopelekwa mbele na namba zao zikanyamaza, na wake wa vijana waliokwenda kuchimba dhahabu Misisi au Kamituga, mtaona kwamba katika kila kikundi cha mama 20 ni vigumu kukosa mmoja.

Swali halitoshi

Mtasema, basi dawa ni kuuliza swali la siri kama tulivyofanya. Linasaidia, lakini halitoshi. Sikieni kisa kimoja cha kweli cha Ufaransa, cha miaka karibu 500 iliyopita.

Katika kijiji cha Artigat, mwaka 1548, mkulima Martin Guerre alimkosea baba yake akakimbia, akamwacha mkewe Bertrande na mtoto mchanga. Miaka minane kimya. Mwaka 1556 akaja mtu, akasema, "Mimi ni Martin." Alijua majina ya watu na mambo mengi ya zamani. Dada zake wanne walimkubali. Bertrande naye akampokea, wakaishi miaka mitatu, wakazaa. Kisha baba mdogo akagombana naye juu ya mali, akaanza kusema huyu ni mwongo. Kesi ikaenda mahakamani. Mashahidi walikuwa wengi, wengine wakisema ndiye, wengine siye, wengine hawajui. Fundi viatu wa kijiji alisema mguu wa huyu ni mdogo kuliko mguu wa Martin aliyemshonea zamani. Mwaka 1560, huko Toulouse, waamuzi walikuwa karibu kumpa haki yule mtu, ndipo mlango ukafunguliwa akaingia mwingine mwenye mguu wa mti. Huyo ndiye Martin wa kweli. Yule wa kwanza, jina lake Arnaud du Tilh, akanyongwa.

Watu mpaka leo wanabishana kama Bertrande alidanganyika au alijua tangu mwanzo. Sisi mama hatuna haja ya kumhukumu. Miaka minane peke yake, bila kuwa mjane wala mke, katika kijiji kinachomtazama. Tunachojifunza kwake ni hiki: hamu ya watu wengi pamoja inaweza kuwadanganya wote. Dada wanne walimtaka kaka yao arudi, wakamwona. Kwa hiyo jambo kama hili lisiamuliwe kwa moyo wa mtu mmoja, wala kwa moyo wa jamaa peke yao. Litafutwe kwa utaratibu, na watu ambao hawapati faida kwa jibu lolote.

Jinsi tulivyotafuta

Juma la nne tulikwenda nyumbani kwake, watatu, na sahani ya ugali na ndagala. Tukamwomba msamaha. Kisha tukamwambia, "Tulikunyang'anya uongo tukakuacha mikono mitupu. Sasa tutatafuta pamoja." Akatazama chini muda mrefu. Akasema, "Nauli ya Uvira mnayo?"

Tulikuwa nayo.

Mambo tuliyojifunza katika safari ile tunayaandika hapa, yeyote kati yenu ayatumie.

Kwanza, kutafuta mtu kwa njia ya Msalaba Mwekundu ni bure. Kazi hii ni ya siku nyingi: ofisi ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa Basel, Uswisi, mwaka 1870, wakati wa vita vya Wafaransa na Wajerumani, na katika vita vya 1914 ile ya Geneva iliandika kadi milioni 7 za watu waliotafutwa. Anayekuomba pesa kwa jina la kazi hii ni mwongo, hata akivaa fulana yenye msalaba.

Pili, nenda na habari zilizoandikwa. Jina lote la bwana, jina la utani, jina la baba yake na la mama yake, mahali na mwaka wa kuzaliwa, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho, alivaa nini, alama gani mwilini. Picha ikiwapo, ipelekwe. Andika mliyoyaona kwa macho mbali na mliyoyasikia. Mama yetu alipotenganisha hayo mawili katika karatasi, ndipo alipoona mara ya kwanza kwamba kwa macho yake anajua kitu kimoja tu: aligeuka mtoni, akapanda njia ya nyumbani.

Tatu, unaweza pia kuandika barua fupi ya Msalaba Mwekundu. Haifungwi, inasomwa, na inabeba habari za jamaa tu: tuko wapi, watoto wazima, mtoto fulani ameingia shule. Habari za vita na siasa haziandikwi humo.

Nne, na hili ni gumu, mama wapenzi. Mtu akipatikana yu hai, anaulizwa kwanza kama anataka jamaa wajue alipo. Akikataa, mahali pake hapatajwi. Kuna bwana ambaye hakufa, wala hakufungwa. Ana nyumba nyingine upande wa pili wa ziwa. Anayeanza kutafuta ajue kwamba jibu hili nalo lipo. Tulimwambia mama yetu kabla hajaandika jina. Alisema, "Hata hilo nitalilia, nilale."

Tano, usiende peke yako. Simu ya mtu usiyemjua, nabii anayeona bwana wako shimoni na kutaka sadaka kwanza, mganga anayetaka kuku mweusi, wote wanapenda mama aliye peke yake na aliyeambiwa asiseme. Katika kikundi chetu tumefanya kanuni: simu yoyote ya namna hii inasikilizwa na mama watatu, na hakuna kutaja jina, mtoto, ugonjwa wala mahali. Mwache yeye aseme. Anayemjua bwana wako atakuwa na la kusema.

Parseli na watoto

Mara nyingi anayetaka bwana awe amekufa haraka ni yule anayetazama parseli. Jamaa wanakuja, wanasema ndugu yetu hayupo, shamba lirudi kwa ukoo, na wewe mama chagua: urithiwe au uende kwenu. Hapa mjue jambo moja. Katika sheria ya familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, kupotea peke yake si kufa. Sheria inatenga aliyepotea katika hatari inayoonyesha kwamba amekufa, na aliyeondoka bila habari. Kwa wote wawili ni tribinali inayoamua, si mkutano wa ukoo chini ya mwembe. Na hata kifo kikithibitishwa, watoto ndio warithi wa kwanza, wasichana sawa na wavulana, na mke naye yumo katika warithi. Kwa hiyo hifadhi karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi ya parseli. Zikiwa zimeungua au kuibwa, mwambie shefu wa lokalite mapema, mbele ya mashahidi, kabla ugomvi haujaanza.

Tusisahau pia kwamba mama mkwe naye amepoteza mtoto. Yule wa Lemera alituambia, "Alirudi kwa ajili yangu. Ningekufa mimi." Mama yetu alikuwa na hasira naye miezi mingi, bila kumwambia. Siku walipolia pamoja, mzigo ulipata mikono minne.

Na watoto? Wao wanasikia kila kitu nyuma ya pazia. Ukimwambia mtoto "Baba yuko safarini," atahesabu siku, na siku moja atajua ulimdanganya. Ukimwambia "Amekufa," nawe hujui, atakushika neno siku habari ikija. Mama yetu aliwaketisha watatu akasema, "Hatujui baba yuko wapi. Tunamtafuta. Aliondoka kwa sababu alimpenda bibi yenu, si kwa sababu ya kosa lenu." Mtoto wa pili akauliza, "Basi tunaweza kumwombea?" Tangu usiku ule wanamwombea. Hawaombi arudi wala hawaombi apumzike. Wanamwombea kwa jina.

Mpaka leo

Mtataka kujua mwisho. Mwisho haujafika. Jina lake limeandikwa, jibu halijaja. Tungependa kuwaandikia kwamba siku moja mlango uligongwa, au kwamba tulipata mfupa na pete. Hatuna hayo.

Tuna haya. Mama amerudi kwenye kikundi, ameanza kulipa deni la mbuzi, mahindi yake mwaka huu yalikuwa mazuri kuliko yetu. Simu anaizima saa tatu ya usiku, anaiwasha asubuhi. Alisema kuizima kulimchukua miezi miwili. Nguo za bwana alizikunja, akazitia mfukoni, akaziweka juu, hakuzitoa, hakuzichoma. Mtu akimwuliza kama ni mke au mjane, anajibu, "Mimi ni mama wa watoto watatu. Bwana wangu ninamtafuta." Anasema huku anakutazama usoni.

Tarehe 30 Agosti ni siku ya dunia nzima ya kuwakumbuka watu waliopotezwa na kutoweka. Tumeamua mwaka huu, siku ile, tukutane jioni, kila mmoja aje na jina. Hatutaimba nyimbo za kilio, hatutatangaza mtu amekufa. Majina yatasomwa, kila jina litajibiwa na wote: "Tunamkumbuka." Asiyejua kama atamke jina au asitamke, aje hivyo hivyo, akae nasi.

Ya kuzungumzia kikundini juma hili:

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayesubiri mtu bila habari? Mara ya mwisho tulimwuliza hali lini, na tulimwambia nini?

2. Tumeweka njia gani ili mama akipigiwa simu ya usiku asibaki peke yake nayo?

3. Karatasi za ndoa, za watoto na za parseli ziko wapi kwa kila mmoja wetu? Vita vikirudi kesho, nani anajua zilipo?

Mama wapenzi, jirani yako asiyejua usimwambie "jikaze". Mpelekee ndagala, kaa naye. Mungu awalinde, mbaki na amani.